Mkonge wa Tanga: Zao lililoshindwa na kamba ya plastiki

Msafiri anayefika Segera akitokea Chalinze, awe anaelekea Korogwe ama Tanga mjini, hupita kando ya mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula. Ghafla mistari hiyo hukatika. Vichaka huanza, na ndani yake huonekana milingoti michache ya mkonge uliosahauliwa, kuta za kambi zisizo na mabati na banda la korona iliyonyamaza miaka mingi. Mbele kidogo, mkonge mchanga huanza tena.

Mandhari hayo yanaeleza historia ya uchumi wa Mkoa wa Tanga kuliko taarifa nyingi za maofisini. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 235,000 za singa, kiasi ambacho hakikufikiwa wakati huo na nchi nyingine yoyote duniani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000 kwa mwaka. Hapakuwa na vita Tanga, wala ugonjwa ulioufyeka mmea, wala ukame wa miaka thelathini. Mteja mkuu alipata bidhaa nyingine iliyo nafuu zaidi, na muuzaji akachelewa kutambua kwamba mteja ameondoka.

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara kuhusu anguko hilo ni mawili. Wapo wanaosema zao liliuawa na utaifishaji wa mwaka 1967. Wapo wanaosema liliuawa na nyuzi za viwandani. Kila upande una ukweli wake, lakini kila upande huacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo yenye manufaa kwa wakulima wanaopanda mkonge hivi sasa.

Miche 62 kutoka Florida

Mkonge si mmea wa Afrika. Asili yake ni Mexico, na jina lake la kimataifa, sisal, limetokana na bandari ya Sisal katika rasi ya Yucatán, ambako nyuzi za jamii hiyo zilipakiwa melini kwenda kutengeneza kamba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilisafirishwa kupitia Hamburg. Vilipofika Tanga, vilivyokuwa bado hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kutokana na vikonyo hivyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyotanda kuanzia pwani ya Tanga hadi Kilimanjaro, Morogoro, Kilosa na Lindi. Reli ambayo ujenzi wake ulianza Tanga mwaka huohuo wa 1893, na kufika Korogwe mwaka 1902, ilipita katikati ya mashamba hayo. Mto Pangani ulitoa maji mengi yanayohitajika kuosha singa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mkonge ulikuwa tayari umejipatia nafasi ya mbele katika bidhaa zilizosafirishwa nje ya koloni.

Neno utandawazi lilipoanza kutumiwa sana katika magazeti na mikutano ya miaka ya 1990, lilizungumzwa kana kwamba ni jambo jipya lililokuja na kompyuta na simu za mkononi. Kwa mkoa wa Tanga halikuwa jipya hata kidogo. Mmea ulitoka Amerika, mtaji ukatoka Ujerumani na baadaye Uingereza, Uswisi, Ugiriki na India, mashine zikatoka Ulaya, na wafanyakazi wakatoka mbali kuliko mipaka ya mkoa. Jambo moja tu halikutoka popote, nalo ni uamuzi wa bei. Huo ulibaki kwa mnunuzi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Japani ilipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nchi zilizokuwa zikipigana nayo zilipoteza vyanzo vikubwa vya nyuzi ngumu za kamba. Singa za Tanganyika zikawa bidhaa ya lazima kwa meli na majeshi. Katika soko la kawaida, uhaba wa namna hiyo ungepandisha bei kupita kiasi. Lakini Serikali ya Uingereza ilikuwa ikinunua singa zote kwa mkataba na kwa bei iliyopanga yenyewe, na utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1948. Wenye mashamba walilalamika. Manamba, ambao baadhi yao walipelekwa mashambani kwa amri, hawakuwa na mahali pa kulalamika.

Manamba hao walikuwa vibarua wa mkataba: Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wamakonde kutoka Msumbiji, Warundi, Wanyamwezi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya pamoja ya kuandikisha na kusafirisha vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Wazee wengi wa Muheza na Korogwe wenye majina ya ukoo ya Kigoma ama Ruvuma ni wajukuu wa safari hizo. Kiswahili kilichozungumzwa kambini kikawa lugha ya nyumbani kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwa na lugha moja.

Kamba ya kufungia majani

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, mkonge ulikuwa ukiongoza kwa kuingiza fedha za kigeni, na mashamba yake yalikuwa mwajiri mkubwa kuliko sekta nyingine yoyote ya kazi za mshahara. Bei ilikuwa nzuri, na miaka ya 1963 na 1964 ilipanda zaidi. Taifa changa lilipanga bajeti yake na mipango yake ya maendeleo likiwa na imani kwamba dhahabu hiyo nyeupe ingeendelea kulipa.

Ni watu wachache waliojiuliza singa hizo zilikuwa zikienda kufanya nini. Jibu lake ni la kushangaza kwa udogo wake. Sehemu kubwa ilisokotwa kuwa kamba nyembamba ya kufungia marobota ya majani makavu wanayolishwa ng'ombe wa Ulaya na Amerika Kaskazini wakati wa baridi. Mkulima wa huko hufunga majani kwa mashine wakati wa kiangazi, huyaweka ghalani, na baridi ikifika hukata kamba na kuitupa. Mishahara ya makumi ya maelfu ya watu wa Tanga, shule na zahanati za kambini, na mapato ya bandari, vyote vilitegemea kamba inayotumika mara moja na kutupwa.

Mwaka 1954 mwanakemia wa Kiitaliano, Giulio Natta, alifanikiwa kutengeneza polipropilini, aina ya plastiki inayotokana na mafuta ya petroli, na miaka michache baadaye viwanda vikaanza kuizalisha kwa wingi. Mwaka 1963 Natta na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Habari hiyo haikuwa na uzito wowote Tanga. Lakini polipropilini ilisokotwa kuwa kamba nyepesi isiyooza, yenye unene ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, na ambayo ilitengenezwa karibu na shamba la mkulima aliyeihitaji. Zaidi ya hayo, bei yake haikutegemea mvua ya Korogwe wala ratiba ya meli.

Bei kubwa ya mwaka 1964, iliyoshangiliwa nchini, ilimsaidia mshindani. Kiwanda cha kamba kilichokuwa kikisitasita kununua mashine za plastiki kilipata sababu ya kuzinunua. Na kiwanda kikishanunua mashine hizo hakirudi nyuma kwa urahisi, hata bei ya singa ishuke namna gani. Kuanzia mwaka 1965 ilishuka kweli. Mwaka 1967, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nchi zinazozalisha mkonge zilijaribu kukubaliana juu ya bei na mgawo wa mauzo. Makubaliano hayo hayakudumu, kwa kuwa mshindani wa kweli hakuwa mezani.

Mwalimu Julius Nyerere alipenda kuueleza mkasa huo kwa hesabu ya trekta. Kwa mujibu wa hesabu yake, mwaka 1965 trekta moja lilinunuliwa kwa thamani ya tani 17 na robo za mkonge, na mwaka 1972 trekta la aina ile ile lilihitaji tani 42. Aliitoa hesabu hiyo kama ushahidi wa dhuluma ya biashara ya dunia, na ushahidi ulikuwa mzito. Hata hivyo, hesabu hiyo ilikuwa na swali la pili ambalo halikupewa nafasi ya kutosha: kwa nini nchi iliendelea kuuza kitu kile kile, kwa mteja yule yule, kwa miaka yote saba?

Utaifishaji na subira ya mmea

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge na kuyaweka chini ya shirika la umma. Kwa haki, shirika hilo lilirithi biashara iliyokwisha kuanza kuugua. Baadhi ya wenye mashamba walikuwa tayari wameacha kupanda upya, kwa kuwa waliiona bei ikishuka na siasa ikibadilika.

Hapa tabia ya mmea wenyewe inahitaji kueleweka, maana bila hiyo historia yote ya zao hili haieleweki. Mkonge hupandwa na kusubiriwa miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hukatwa kila mwaka hadi unapotoa mlingoti, kwa kawaida kati ya mwaka wa kumi na wa kumi na mbili, kisha hufa. Meneja anayetaka kupunguza gharama anaweza kuacha kupanda upya na bado akavuna miaka kadhaa kana kwamba hakuna kilichotokea. Vitabu vyake vitaonyesha faida. Shamba litakuwa linakufa huku mahesabu yakionekana mazuri.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1970 uzalishaji ulikuwa bado unakaribia tani 200,000, na aliyeangalia takwimu hiyo peke yake angeweza kusema mambo si mabaya. Kufikia mwaka 1980 ulikuwa takriban tani 86,000.

Katikati ya safari hiyo ya kuteremka kulitokea nafasi ambayo huzungumzwa mara chache. Mwishoni mwa mwaka 1973 nchi zinazozalisha mafuta zilipandisha bei, na kwa kuwa polipropilini hutokana na mafuta, kamba ya plastiki nayo ikapanda. Wanunuzi walirudi kuulizia singa, na bei yake ikaruka. Kwa Tanzania nafuu hiyo ilikuja wakati mashamba mengi yakiwa na mkonge wa kizee na vitalu vitupu. Mtu hawezi kupanda mwezi huu akavuna mwaka huu. Aliyeweza kunufaika na bei ya mwaka 1974 ni yule aliyepanda mwaka 1970, wakati kila mtu akimwambia anapoteza fedha.

Katika miaka iliyofuata shilingi ilipewa thamani kubwa kuliko uwezo wake. Shamba lililouza nje kwa dola lilipokea shilingi chache zisizotosha kununua vipuri vya korona, ambavyo navyo vilihitaji kibali cha fedha za kigeni. Matrekta yalisimama. Reli za ndani ya mashamba, zilizokuwa zikibeba majani kwenda kiwandani, ziliota nyasi. Vibarua waliondoka wakalime mahindi.

Brazil, China na Kenya

Laiti plastiki ingekuwa sababu pekee, basi mkonge ungekufa kila mahali. Haukufa. Katika miaka ya 1970 Brazil ilishika nafasi ya kwanza duniani, na haijaiachia tangu hapo.

Njia ya Brazil ilikuwa tofauti kabisa na ya Tanga. Katika jimbo la Bahia, kwenye ardhi kame isiyofaa mazao mengi, mkonge hulimwa zaidi na wakulima wadogo. Mashine ya kuchakata ni ndogo, huvutwa kutoka shamba hadi shamba, na hutenganisha singa palepale bila maji mengi. Singa zake kwa kawaida ni za daraja la chini kuliko zile zilizooshwa na kupigwa brashi za Afrika Mashariki, mavuno kwa hekta ni madogo, na mashine hizo zimewakata vidole na mikono wafanyakazi wengi. Si mfano wa kuigwa kwa kila jambo. Lakini gharama zake za kudumu ni ndogo, na bei inaposhuka mkulima wa Bahia hubaki na mbuzi wake na kusubiri. Shamba la hekta 5,000 lenye korona moja kubwa, karakana, ofisi na mamia ya watu wa mshahara haliwezi kusubiri. Huko Valente, katika jimbo hilohilo, chama cha wakulima kilifika hatua ya kujenga kiwanda chake cha mazulia katika miaka ya 1990, kikauza bidhaa badala ya marobota.

Habari ya China inauma zaidi. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, watafiti walikuwa wamekamilisha aina chotara ya mkonge, namba 11648, inayotoa majani zaidi ya maradufu ya mkonge wa kawaida katika maisha yake. Mwaka 1963 aina hiyo ilipelekwa China. Leo ndiyo inayotawala mashamba ya mkonge ya kusini mwa nchi hiyo, ambayo mavuno yake kwa hekta ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani. China haikuishia hapo. Ni mnunuzi mkubwa wa singa za nje, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya serikali ya nchi hiyo ilinunua mashamba ya mkonge ya Rudewa, wilayani Kilosa. Mbegu iliyotoka Muheza ilikuwa imeleta mwekezaji Morogoro.

Jirani Kenya hakuwahi kuwa mzalishaji mkubwa kama Tanzania, lakini hakuanguka kwa kiwango hicho. Mashamba ya Vipingo, Kibwezi na Mwatate yalibaki mikononi mwa kampuni binafsi ambazo ziliendelea kupanda upya na kutafuta masoko mengine. Huko nako, hata hivyo, mkonge umepata mshindani asiyetarajiwa. Vipingo ni pwani, kati ya Mombasa na Kilifi, na ardhi yake inatamaniwa kwa hoteli, nyumba na viwanja vya gofu. Kati ya mwaka 2013 na 2015 kampuni ya Rea Vipingo iligombewa na wawekezaji katika Soko la Hisa la Nairobi, na mwishowe zaidi ya ekari 10,000 zikaangukia kwa kampuni ya uwekezaji ya Centum. Waliogombea walifahamu fika kwamba thamani ilikuwa chini ya mizizi ya mkonge, si kwenye majani yake.

Asilimia nne ya jani

Mwaka 1997 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyoanzisha Bodi ya Mkonge, na mashamba ya shirika la umma yakaanza kuuzwa. Kampuni ya Katani ilipata kundi la mashamba ya Korogwe na Muheza, yakiwamo Hale, Mwelya, Magunga, Ngombezi na Magoma.

Wakati huo ndipo swali lililostahili kuulizwa mwaka 1964 lilipoanza kuulizwa kwa sauti. Singa ni kiasi cha asilimia nne tu ya uzito wa jani la mkonge. Ili kupata tani moja ya singa, yaani marobota manne ya kilo 250, hukatwa na kusafirishwa takriban tani 25 za majani. Kinachobaki, maji na makapi, kilikuwa kikimwagwa mitoni kwa zaidi ya miaka mia moja. Biashara iliyokuwa ikilalamikia bei ya asilimia nne ilikuwa ikitupa asilimia tisini na sita na kuchafua Mto Pangani kwa wakati mmoja.

Mwaka 2007, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi kutokana na makapi ya mkonge ulijengwa Hale. Uwezo wake ulikuwa kilowati 150 za umeme. Kwa gridi ya taifa kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa korona, ambayo umeme ni moja ya gharama zake kubwa, kilikuwa na maana. Mabaki yanayotoka kwenye mtambo wa namna hiyo hurudi shambani kama mbolea. Jaribio lilithibitisha kwamba kemia inakubali. Ugumu uliobaki ni wa fedha, kwa kuwa kila mtambo unahitaji mtaji mkubwa mwanzoni na riba ya benki haina subira ya mkonge.

Mabadiliko ya pili, ambayo pengine ni makubwa kuliko gesi, yalikuwa ya umiliki wa shamba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mpango wa kuwagawia wakulima wadogo na wa kati sehemu za mashamba hayo. Mkulima angepanda na kutunza, kampuni ingekata, ingechakata na kuuza, na mapato yangegawanywa. Kwa watoto wa manamba hayo yalikuwa mapinduzi ya kimya: kwa mara ya kwanza mtu wa kambini alikuwa na mkonge wake.

Lakini mkonge haufanani na mahindi ya gunia. Jani likishakatwa linatakiwa kufika korona ndani ya siku mbili hivi, la sivyo singa hubadilika rangi na kushuka daraja, kutoka 3L hadi UG, na bei hushuka nayo. Mkulima asiye na korona hawezi kungoja bei nzuri wala kutafuta mnunuzi mwingine. Ana mteja mmoja, kama Tanganyika ilivyokuwa na mteja mmoja mwaka 1942. Mivutano ya mahesabu na malipo kati ya wakulima na wenye viwanda ilikuwa ya kutarajiwa, na katika miaka ya kuelekea 2020 Serikali iliingilia kati, mashamba ya Korogwe yakawekwa chini ya usimamizi wa Bodi ya Mkonge, na wakulima wakapangwa katika vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS.

Masoko mapya na mfuko usio wa plastiki

Singa za leo haziendi tena kwa ng'ombe wa Ulaya peke yao. Saudi Arabia huzinunua kwa ajili ya kuimarisha jasi ya dari na kuta. Viwanda vya kamba za chuma huziweka katikati ya waya ili zishike grisi. Mbao za mchezo wa vishale zinazotundikwa katika baa za Uingereza hutengenezwa kwa singa zilizobanwa. Viwanda vya magari vya Ulaya vimetumia nyuzi za mimea, mkonge ukiwamo, ndani ya paneli za milango. Yapo mazulia, magunia, karatasi maalumu na vitambaa vya kung'arishia vyuma. Hakuna hata moja kati ya masoko hayo lenye ukubwa wa lile la zamani, na huo ndio uzuri wake: likianguka moja, mengine yanabaki.

Matumaini mengine yameletwa na vita dhidi ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na Tanzania Juni 1, 2019. Wengi walisema zamu ya mkonge imerudi. Aliyekwenda sokoni Kariakoo wiki iliyofuata alikuta hali nyingine. Mifuko mbadala iliyojaa haraka, ile laini inayofanana na kitambaa, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya polipropilini. Nyuzi zilezile zilizoutoa mkonge katika soko la kamba zilikuwa zimewahi tena, safari hii kwa jina la mfuko rafiki wa mazingira. Sheria ilifungua mlango, lakini viwanda vya mkonge havikuwa na mfuko wa bei ya mama anayenunua nyanya.

Mwaka 2020 Tanzania ilizalisha takriban tani 36,000. Serikali, iliyokwisha kuutangaza mkonge kuwa zao la kimkakati, iliweka lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Hesabu yake ni rahisi kuifanya. Uzalishaji ungepaswa kuongezeka zaidi ya mara tatu katika miaka mitano, kwa mmea unaosubiriwa miaka mitatu kabla ya kukatwa, na katika mashamba ambayo foleni ya kuchakata ilikuwa ndefu tayari. Lengo lilitajwa kwa tani, kama ilivyokuwa desturi tangu enzi za Wajerumani. Laiti lingetajwa kwa idadi ya korona zinazofanya kazi, au kwa sehemu ya singa inayosokotwa nchini kabla ya kupakiwa melini, pengine mjadala ungekuwa tofauti.

Mkulima hana nafasi ya kusubiri mjadala huo. Vikonyo vinavyotoka kitaluni msimu huu vitaanza kukatwa baada ya miaka mitatu na kutoa mlingoti baada ya miaka kumi au zaidi. Katika muda huo bei ya mafuta itapanda na kushuka mara kadhaa, na bei ya singa itaifuata. Aliyeazima fedha za kusafisha shamba ataanza kudaiwa kabla jani la kwanza halijakatwa. Ndiyo maana katika vyama vya ushirika vya Korogwe swali linaloulizwa kwanza, kabla ya bei ya soko la dunia, ni korona ipi itapokea majani, na siku gani.